Unaiogopa benzini ya dashibodi, kisha dashibodi unaifuta kwa petroli

Huenda na wewe umeshaupata ujumbe huu. Umezunguka kwenye makundi ya WhatsApp miaka nenda miaka rudi, na kila joto linapopanda unarudi upya: usiwashe AC mara tu unapoingia kwenye gari lililoshinda juani, fungua vioo kwanza, kwa kuwa dashibodi na siti hutoa benzini, na benzini huleta saratani. Zinafuata namba za miligramu "kwa futi ya mraba", kisha ombi la kuwatumia wote unaowapenda. Shangazi yangu amenitumia mara tatu.

Jumamosi moja nilipeleka gari kuoshwa, hapa Dar es Salaam. Nje likaoshwa vizuri. Ilipofika zamu ya ndani, kijana akachukua chupa ya maji iliyokatwa shingo, akachovya tambara, akaingia na kujifungia ili vumbi la barabarani lisimharibie kazi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, hatua kama tano kutoka pale, na harufu ikanifikia. Nilipomuuliza ni kitu gani, alijibu bila kusita: "Petroli, bosi. Hii haibakishi uchafu, na dashibodi inarudi nyeusi kama mpya."

Katika gari hilo, siti ya nyuma ndiyo anayokalia mwanangu kila asubuhi. Nikamwomba kijana atoke, tukafungua milango yote minne.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza watu wanasafishia nini ndani ya magari yao. Nimetajiwa sabuni ya unga, jiki, mafuta ya taa, thina, siki, dawa ya meno, mafuta ya nazi. Kila mmoja ana ushuhuda wake, na wengi wao ni watu waliowahi kunionya kuhusu benzini ya dashibodi. Hapo ndipo tulipochanganyikiwa: tunaogopa sumu mahali ambapo ni kidogo mno, halafu tunaibeba wenyewe kwenye tambara na kuipaka.

Benzini ipi?

Tuanze na neno lenyewe. Benzini ni kemikali moja, kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu ya utamu-utamu, kinachopatikana kwenye mafuta ghafi. Waarabu wengi wamezoea kuita petroli yenyewe benzini. Hapa nazungumzia kemikali, ambayo ni sehemu ndogo tu ya petroli. Ni sumu ya kweli. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo ushahidi umeshathibitisha kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Inahusishwa zaidi na saratani ya damu.

Kwa hiyo ujumbe wa shangazi haukukosea kuhusu ubaya wa benzini. Ulikosea kuhusu inakotoka, na ukikosea hapo utajikinga upande usio na adui. Tazama hata kile kipimo chake. Hewa haipimwi kwa futi za mraba kama kiwanja. Inapimwa kwa ujazo, kama maji kwenye ndoo. Mtu aliyepima hewa ya gari kweli asingeandika hivyo.

Ni kweli kwamba plastiki, gundi na vitambaa vya gari jipya hutoa mvuke wa kemikali mbalimbali. Ndiyo ile harufu ya gari jipya ambayo watu huipenda. Lakini mvuke huo hupungua sana kadiri miezi inavyopita, na magari mengi tunayoendesha huku yalitumika Japani miaka mingi kabla ya kupanda meli. Benzini inayokutwa ndani ya gari la namna hiyo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mafuta yenyewe na moshi wa magari mengine, hasa ukiwa kwenye foleni nyuma ya lori. Kufungua vioo kabla ya AC kuendelee, ni jambo jema: dashibodi iliyoachwa juani inaweza kupita nyuzi joto 65, na kuitoa hewa ile ya tanuri kwanza kunaipunguzia AC kazi. Sababu iliyotolewa ndiyo mbovu.

Sasa rudi kwenye chupa iliyokatwa shingo. Huko Ulaya, tangu mwaka 2000, sheria inataka benzini isizidi asilimia 1 ya ujazo wa petroli. Maana yake ni kwamba hata petroli iliyodhibitiwa vikali inaruhusiwa kuwa nayo. Anayefuta dashibodi kwa petroli huku milango imefungwa anaivuta moja kwa moja, uso ukiwa kama shubiri mbili kutoka kwenye tambara.

Moto haungoji kiberiti

Saratani huchukua miaka. Moto ni wa papo hapo. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo kwa joto la kwetu iko tayari saa zote. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hauruki ukapotea. Unashuka na kutanda kwenye kapeti, chini ya siti, pale pale penye nyaya. Ukifika kiasi cha asilimia 1.4 ya hewa, unaweza kulipuka. Ndani ya gari dogo kuna hewa ya takribani mita tatu za ujazo. Fanya hesabu: robo lita ya petroli ikigeuka mvuke yote humo inatosha, na karibu na sakafu kiwango hicho hufikiwa mapema zaidi. Kinachobaki ni cheche, nayo si lazima iwe sigara. Swichi ya taa ya ndani inaweza kuitoa, au mota ya kufunga milango, au hata ule umeme mdogo unaokushtua vidole unaposhuka kwenye siti ya kitambaa.

Kuna na hasara ya polepole. Plastiki laini ya dashibodi, na ile ngozi bandia ambayo wengi wetu tunaiita ngozi, hulainishwa kiwandani kwa vilainishi vinavyochanganywa humo ndani. Fikiria chapati. Iliyokandwa kwa mafuta hukunjika hata kesho yake. Isiyo na mafuta ya kutosha hukauka ikavunjika mkononi. Petroli na thina huvinyonya vilainishi hivyo. Leo dashibodi inang'aa, baada ya miezi imepauka, na mwaka wa pili imepasuka nyufa kuanzia karibu na kioo cha mbele, ambako jua ni kali zaidi. Mafuta ya taa na dizeli yanang'arisha kwa njia nyingine: yanaacha utando wa mafuta, na utando huo ndio unaokamata vumbi la kesho. Mafuta ya nazi hufanya hivyo hivyo, na juu ya hayo huvunda kwa joto. Hata ngozi halisi ya siti za magari ya siku hizi nyingi imepakwa utando mwembamba wa plastiki juu, kwa hiyo mafuta unayoipaka "ili inywe" yanabaki juu juu yakingoja suruali yako.

Ukali wa sabuni na hesabu ya kumikumi

Basi tutumie sabuni. Lakini sabuni nazo hazilingani, na hapa inabidi tulifahamu neno moja la maabara: pH. Ni kipimo cha kuanzia 0 hadi 14. Maji safi yapo katikati, kwenye 7. Chini ya hapo ni asidi: ukwaju, siki, ndimu ambayo ipo kwenye 2 na kitu. Juu ya hapo ni alkali: magadi, jiki, maji ya majivu. Aliyewahi kusugua masufuria kwa majivu anajua vidole vinavyoteleza na kuchubuka. Hiyo ndiyo kazi ya alkali, inakula mafuta, yakiwemo ya ngozi yako.

Kinachowapita wengi ni kwamba kila hatua moja kwenye kipimo hiki ni mara kumi. Sabuni ya unga ya kufulia ikichanganywa na maji hufika kwenye 10 au zaidi. Kutoka 7 hadi 10 unaona hatua tatu tu, kumbe ni kumi mara kumi mara kumi: alkali mara elfu moja kuliko maji safi. Nguo za pamba zinaistahimili, tena unazisuuza mara mbili na kuzianika. Siti ya gari huwezi kuisuuza. Sabuni inabaki ndani ya sponji, kitambaa kinakuwa kikavu na kigumu, na kila ukitoka jasho mgongoni sabuni ile inaamka tena. Ngozi halisi ndiyo huumia zaidi, kwa sababu yenyewe kwa asili iko upande wa asidi kidogo.

Kitu kinachofaa kipo jikoni kwako: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na jiki ndani yake. Hukaa karibu na katikati ya kipimo, kwa kuwa imetengenezwa ikijulikana mikono ya watu itashinda humo. Kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu kinatosha gari zima. Najua kinaonekana kidogo, na hapo ndipo mkono unapotaka kuongeza. Usiongeze.

Jiki ndani ya gari mimi naikataa kabisa. Inapausha kitambaa, inakula nyuzi, na ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Mtu anapuliza jiki kwenye kapeti, harufu inamshinda, anaongeza siki au ndimu "kuikata", na papo hapo ametengeneza gesi ya jamii ile ile iliyotumika kuua askari vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ikikutana na dawa ya vioo yenye amonia hutoa gesi nyingine, kloramini, ambayo nayo huchoma mapafu. Jikoni ungekimbilia uani. Kwenye gari umejiinamia katikati ya siti mbili.

Maji kidogo, mikono mingi

Kosa la pili kwa ukubwa baada ya petroli ni maji mengi. Mwaka juzi mwanangu alimwaga maziwa kwenye siti ya nyuma. Nikapeleka gari mahali, wakapiga povu, wakamimina maji, wakapiga povu tena. Jioni siti ilionekana safi kuliko yangu ya mbele. Siku ya tatu, nilipofungua mlango asubuhi, nikakutana na harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Nilipoing'oa ile siti ya kukalia, chini ya sponji kulikuwa na madoa ya kijani na meusi ya ukungu, na kapeti lilikuwa bado linatoa maji ukilikanyaga.

Sponji ya siti ni nene, na hukauka kuanzia juu. Unapogusa kitambaa ukaona kikavu, ndani bado ni bwawa. Ukungu unahitaji saa 24 hadi 48 tu kuanza kuota kwenye kitu kilicholowa, na kwa unyevu wa pwani wakati wa masika hauhitaji hata kubembelezwa. Kwa mwenye pumu, hewa ya gari la namna hiyo ni tatizo kubwa kuliko lile doa la maziwa.

Kwa hiyo kazi inaanza ikiwa kavu. Toa mazulia, chukua brashi laini ya rangi na upige vumbi kutoka juu kushuka chini, kwenye matundu ya AC, vitufe, mishono ya siti, kisha nyonya kwa mashine au fagia. Wengi huruka hatua hii wakakimbilia maji, na vumbi likilowa ni tope, nalo tope linaingia kwenye mishono halitoki. Baada ya hapo, piga maji yako ya sabuni mpaka yatoe povu, na uchote povu peke yake kwa sponji. Povu lina sabuni ya kutosha na maji machache. Sugua taratibu sehemu ndogo, kama ukubwa wa sahani, kisha futa mara moja kwa kitambaa kilicholowekwa maji safi na kukamuliwa hadi kisidondoke, na umalizie kwa kikavu ukikikandamiza. Ndipo uhamie sahani inayofuata. Kama huna uhakika na kitambaa au rangi, jaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Ukimaliza, acha milango wazi na feni ikipuliza, hata kama jua limewaka.

Maziwa, damu na mayai yana sharti lao: maji ya baridi. Maji ya moto hupika protini zake kama yanavyopika yai, na yai likishaiva halirudi kuwa bichi. Ubani wa kutafuna uliogandia kwenye siti unawekewa barafu kwenye mfuko wa plastiki, ukishakuwa mgumu unabanduliwa.

Dari ndilo linalohitaji huruma kuliko vyote. Kile kitambaa kimeshikizwa kwa gundi kupitia sponji nyembamba. Kikilowa, gundi inaachia, na ndiyo maana unaona magari ambayo dari limewashukia abiria kichwani kama chandarua. Futa kwa povu kidogo, ukielekea upande mmoja tu, bila kusugua. Kwenye vioo, kumbuka kwamba tinti imebandikwa kwa ndani, na dawa ya vioo yenye amonia huiharibu. Maji na kitambaa laini vinatosha. Kioo cha nyuma chenye zile nyuzi za kuondoa ukungu kifute kwa kufuata nyuzi, usizikate. Skrini ya redio nayo ni hivyo hivyo: kitambaa chenye unyevu kidogo, na kamwe usiipulizie kitu moja kwa moja.

Samaki, soksi na manukato

Harufu ina mafundisho yake. Ukinunua samaki kwenye soko la Feri ukawaweka kwenye buti, maji yao yakichuruzika kwenye kapeti, sabuni pekee mara nyingi haitoshi. Harufu ile hutokana hasa na kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo ni alkali. Bibi zetu hawakujua jina hilo lakini walijua dawa: samaki hukamuliwa ndimu. Asidi ya ndimu inaikamata ile alkali na kuizuia isipae hewani. Kwa hiyo osha buti kwa povu, futa, kisha pangusa kwa siki iliyozimuliwa na maji, uache wazi. Hapa ndipo siki ina kazi yake halali, mradi jiki haijawahi kupita hapo.

Ile harufu ya soksi inayotoka ukiwasha AC ni jambo jingine. Ndani ya dashibodi kuna kifaa kinachopoza hewa, na kinapofanya kazi hutoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ukizima gari ghafla, unyevu unabaki gizani na vijidudu vinaota. Manukato ya kuning'iniza hayafiki huko. Unapata harufu ya soksi zenye waridi. Badilisha kichujio cha hewa ya ndani, ambacho kwenye magari mengi ya Japani kiko nyuma ya kile kikabati cha mbele ya abiria, na jizoeze kuzima AC dakika chache kabla ya kufika, ukiacha feni ipulize ili pakauke.

Makopo ya spreyi yasome nyuma. Mengi husukumwa kwa gesi ile ile ya jamii ya gesi ya kupikia, na yameandikwa yasiachwe kwenye joto linalopita nyuzi 50. Gari lililofungwa juani linapita hapo kirahisi. Usipulize ukiwa umefunga vioo, na kopo lisilale garini.

Pasipochezewa

Mkanda wa usalama ni nyuzi zinazobeba uhai wako. Jiki na dawa kali huzidhoofisha bila wewe kuona chochote. Uvute wote, ufute kwa povu la sabuni ya vyombo, uubane kwa kibanio usirudi mpaka ukauke. Usukani na pedeli zisipakwe kitu chochote cha kung'arisha, kwa sababu zitateleza siku utakayohitaji zisiteleze.

Chini ya siti za mbele kuna nyaya zenye viunganishi vya rangi ya njano. Njano hiyo ni alama ya mifuko ya hewa, ile inayofumuka gari likigonga. Maji yakifika hapo taa ya onyo inaweza kuwaka kwenye dashibodi. Ukitaka kuondoa siti, toa kwanza waya wa hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa, na usiwashe swichi ya gari wakati kiunganishi hakipo mahali pake. Wenye magari ya haibridi, yale yanayotumia petroli na umeme, watazame pembeni mwa siti ya nyuma: mengi yana tundu la kupitishia hewa ya kupoza betri kubwa. Tundu hilo lisimwagiwe maji wala kuzibwa na kanga au mkoba.

Yule kijana wa chupa iliyokatwa shingo bado namwendea. Siku ile nilipomshika mkono kumlipa, niliona viganja vyake vimepauka vyeupe, vimepasuka kwenye vifundo, chapati ile ile. Aliniambia jioni kichwa humgonga, akadhani ni jua. Sasa nikienda nabeba chupa ndogo ya sabuni ya vyombo na vitambaa vitatu, na gari langu analisafisha milango ikiwa wazi, kwa dakika arobaini ambazo nazilipia. "Mdogo wangu, na hayo mengine?" nilimuuliza wiki iliyopita, nikimwonyesha foleni. Akasema wenye magari hawataki kusubiri, wanataka ing'ae ndani ya dakika kumi. Kisha akarudi kwenye gari lililofuata, akainama chini ya meza kuchukua chupa yake.